Mate ya Mama

Kwetu, mzazi akitaka kukubariki hakuwekei mkono kichwani kama pasta. Anakutemea mate. Unakinga viganja mbele yake kama mtu anayengoja maji ya kunawa, anatema kidogo tu, karibu iwe hewa tupu, halafu unajipaka kifuani na unaenda zako. Waliookoka wanasema ni ushenzi. Dada yangu mdogo, Waithera, ni mmoja wao, lakini siku aliyohamia Gataka kuanza kazi alipiga magoti mbele ya Mama akakinga viganja vyote viwili. Nilimuuliza wokovu ameuacha wapi, akajipaka kifuani akainua begi lake.

Mimi ni Nyaguthii. Niko na miaka hamsini na tatu na nafuga kuku Isinya, kwenye shamba la Baba. Niliolewa Nakuru, nikarudi nyumbani na mtoto mmoja, Nick, na maneno ya watu nikayaacha huko huko. Watu wa hapa wanasema niko na mdomo. Ni kweli, ninao. Ndiyo maana inaniuma kwamba mwaka huu, mdomo huo ulipohitajika kusema neno moja tu, niliufunga wiki tatu nzima, na aliyeumia ni Mama.

Wacha nianzie kwenye kaburi la Baba, kwa sababu hapo ndipo mambo yaliharibikia. Baba alikufa miaka sita iliyopita. Mama alitaka azikwe Kangema, kwenye shamba la zamani, alikolala mtoto wao wa kwanza, Wanyoike, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Wahome, ndugu yangu, mwana wa kiume pekee aliyebaki, alikataa. Alisema Baba alihamia Isinya akiwa na nguvu zake, akachimba kisima hapa, akapanda kila mti ulioko hapa, na hapa ndipo atalala. Baba wadogo wakamwunga mkono kwa sababu ni mwanaume. Mama hakuulizwa mara ya pili.

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, Mama alimwita Wahome mbele ya watu wote. Hakupaza sauti. "Wahome," alisema, "umeniamulia mume wangu. Siku yangu ikifika, hutaniamulia." Halafu akatema mate chini, kwenye udongo, si mikononi mwa mtu. Kila mtu wa kwetu aliyekuwa hapo alielewa kwamba hiyo ni laana, na laana hushuka mpaka kwa watoto. Neno la mzazi lililosemwa juu ya kaburi haliondolewi na pasta wala mzee wa kanisa. Analiondoa yule yule aliyelisema, na kwa mate yale yale.

Mimi nilifurahi. Wacha niseme ukweli, maana sina mwingine wa kuficha. Siku hiyo hiyo baba mdogo mmoja alikuwa amenichoma roho. Alikuwa akipima kwa kamba mahali pa makaburi ya familia: hapa Baba, hapa Mama, kando ya Mama hapo Wahome na bibi yake. Nikamuuliza, na mimi je? Akakunja kamba yake akasema, "Wewe wa kurudi tutaona baadaye." Binti aliyerudi kutoka kwa ndoa hana mahali pake panapojulikana. Wanaume ndio huamua, na mara nyingi wanaamua yeye akiwa tayari mochari. Kwa hivyo Wahome alipotemewa mate chini, sikumhurumia hata kidogo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani. Anakaa Kitengela, ana duka la mabati na misumari, mwendo wa nusu saa. Alituma vitu: unga, mbao za nyumba ya kuku, hata tangi la maji. Vitu vilikuja kwa lori, yeye hakuja. Aliogopa kuonana na Mama uso kwa uso bila kuitwa, na Mama hakumwita. Aliyebaki na Mama ni mimi. Presha, sukari, magoti yaliyofura mpaka hawezi kuinama. Nilimwogesha miaka minne. Naringia jambo hilo na sioni kwa nini nisiringe.

Lakini moyo wa Mama ulikuwa ukigeuka polepole, na mimi nikajitia sioni. Mwaka wa kwanza hakukaribia kaburi la Baba. Mwaka wa pili akaanza kunituma nikang'oe magugu. Baadaye akawa anabeba kigoda chake mwenyewe, anakaa pale kila alasiri akichambua maharagwe na kumpigia Baba umbea wa majirani. Nilimsikia mara moja akicheka. Alhamisi moja mwezi wa tano alirudi na sinia lake, akaliweka mezani, akaniambia, "Mpigie Wahome simu. Mwambie aje nimtemee mate mikononi. Baba yako amezoea hapa, na mimi nimezoea. Huyo mtoto hakukosea, ni mimi nilikuwa na hasira. Siku yangu ikifika, yeye ndiye ataamua. Nimesema."

Nilimjibu, "Sawa, Mama." Nikaenda kulisha kuku.

Sikupiga. Ijumaa aliniuliza, nikasema hashiki simu. Jumamosi aliniuliza tena, nikamwambia atakuja kesho baada ya kanisa. Uongo mtupu, simu ilikuwa kwa mfuko wa aproni yangu wakati wote huo. Mnataka kujua kwa nini? Ni wivu. Mimi niliyemwogesha, niliyemshika mkono akienda choo, niliyejua kila kidonge chake kwa rangi, halafu yule wa kutuma mbao ndiye aamue. Nilijiambia nitapiga nikipoa.

Jumapili asubuhi Mama alivaa nguo yake ya kijani, ile ya harusi za watu, kwa sababu mwanawe anakuja. Alikataa kukaa ndani. Alisimama mlangoni akiangalia barabara, na hapo mlangoni ndipo alipoanguka.

Hospitalini Kitengela walisema ni stroke, damu imemwagika kwenye ubongo. Walimpeleka ICU, wakamwingiza bomba mdomoni, mashine ikawa inampumulia. Wahome alifika kabla hatujamaliza kuandikisha. Mwanaume wa miaka arobaini na nane, tumbo mbele, funguo za duka zikining'inia kiunoni. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Alisema chochote kunihusu?"

Hapo ndipo ningesema. Sikuwa na sababu yoyote ya kunyamaza, ila aibu. Nilimwangalia usoni nikamwambia, "Alianguka tu."

Karibu wiki tatu zikapita hivyo. Wahome alikuja kila siku na hakuingia hata siku moja. Alikaa kwenye benchi la nje, akiinuka mara kwa mara kuchungulia kwa kioo. Nilimuuliza kwa nini haingii. Akasema Mama hakumwita, na hatamlazimisha sasa akiwa hawezi hata kumfukuza. Waithera alikuja Jumamosi na Jumapili, akaomba mpaka sauti ikakauka. Mimi niliingia. Nesi mmoja, Nzilani, alinionyesha jinsi ya kumsafisha mdomo kwa pamba na maji ya chumvi. Lile bomba lilikuwa limemkata pembe ya mdomo. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa mkavu. Mara nyingine machozi yalimtoka yakashuka mpaka masikioni. Nzilani aliniambia ni macho tu yanatoa maji, hasikii kitu. Alikuwa anajaribu kunifariji na mimi nikamshukuru, lakini sikumwamini.

Jumatano ya wiki ya tatu, daktari alituita sote watatu ofisini kwake. Anaitwa Amolo, mama mpole asiyezungukazunguka. Alisema ubongo wa Mama haujarudi na hauelekei kurudi, na figo zimeanza kuchoka. Bomba la mdomoni limekaa vya kutosha. "Kuna njia mbili," alisema. "Tunaweza kumtoboa hapa shingoni, bomba liingie hapo, na tumwoshe damu kwa mashine. Atakaa hivyo alivyo, pengine miezi. Ama tutoe mashine, tumpe dawa asisikie uchungu, apumzike. Siwezi kuchagua kabla ya kuwasikia. Nataka neno moja kutoka kwenu, si matatu. Ikifika Ijumaa niwe nalo."

Waithera alijifuta macho. "Mungu wetu ni wa miujiza," alisema, "lakini mimi nitasema vile wakubwa wangu watasema."

"Apumzike," nikasema mimi. "Mama hangetaka kutobolewa kama debe."

"Atobolewe," akasema Wahome.

"Si Mama alisema hutamwamulia?"

"Siamui, Nyaguthii. Nangoja." Alikuwa ameshika funguo zake kwa mikono miwili. "Akitolewa mashine nitakuwa nimesema afe, na yeye alikataa nisimwamulie. Akitobolewa, angalau yuko. Anaweza kuamka. Hata kama ni dakika tano, nitapiga magoti, anitemee mate, halafu aende vile anataka. Siwezi kumzika na lile neno likiwa juu yangu. Niko na watoto."

Akalia. Mbele ya daktari, na tumbo lake lote lile, akalia kwa kwikwi. Daktari Amolo aliangalia meza. Waithera akaanza kumweleza mambo ya mate kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama dhambi za ukoo.

Na mimi nilikuwa nimekaa hapo na dawa yake mdomoni mwangu. Nilijua vizuri. Nikisema, atajua kwamba nilimnyima mama yake siku tatu ambazo bado aliweza kuongea. Na kama hiyo haitoshi, neno litakuwa lake. Na je, akishalipata aseme tu atobolewe? Nilipima hivi, nikapima vile, nikatoka ofisini bila kusema. Jioni hiyo nilipomsafisha Mama mdomo, pamba ilirudi na damu.

Alhamisi asubuhi Leshan alileta maziwa. Leshan ni Mmaasai wa hapa hapa, rika la Wahome. Baba yake ndiye aliyemuuzia Baba shamba. Huja na pikipiki, mtungi umefungwa nyuma, na huwa hana haraka.

"Sopa, Mama Nick."

"Ipa," nikaitikia salamu.

"Kokoo anaendeleaje?" Ndivyo alivyomwita Mama, kokoo, nyanya.

"Yuko tu."

Alimimina maziwa kwenye sufuria yangu, kisha akasema, "Na yule ndugu yako, walionana kabla aanguke? Maana ile Jumamosi kokoo aliniita hapo kwa geti. Aliniuliza kama naweza kumbeba na pikipiki mpaka Kitengela. Nikamwambia, kokoo, na magoti hayo utakaa aje? Akafikiria, akasema basi, Nyaguthii amesema atakuja kesho. Akaniambia ameweka mate yake kwa ajili ya huyo kijana. Nikafurahi, kwa sababu hata sisi mate ya mzazi ni kitu kikubwa. Kwa hivyo walionana?"

Mama yangu, wa miaka sabini na tisa, alitaka kupanda pikipiki kwenda kumtafuta mwanawe. Hakuniamini kabisa, ndiyo maana alimwita Leshan. Halafu akaamua kuniamini. Nilikalia gunia la chakula cha kuku nikalia mpaka kuku wenyewe wakanyamaza. Leshan alifikiri nalilia ugonjwa. Aliweka sufuria mahali ambapo sitaimwaga, akaniambia pole, akaenda.

Sikubadilisha nguo. Nilienda Kitengela na gambuti zangu za kuku, na watu wakanipisha. Wahome alikuwa akimpimia fundi misumari. Aliponiona mkono wake ulibaki hewani.

"Mama ameenda?"

"Hajaenda. Funga duka."

"Niko na mteja."

"Huyo atarudi. Funga."

Fundi alituangalia akaondoka bila misumari. Wahome alishusha mlango nusu. Nilisimama kati ya mabati na ndoo za rangi nikamwambia yote, vile Mama alivyosema, neno kwa neno. Aje nimtemee mate. Huyo mtoto hakukosea. Yeye ndiye ataamua, nimesema. Nikamwambia lile la hashiki simu lilikuwa uongo, na lile la kesho baada ya kanisa lilikuwa uongo. Nikamwambia na ile nguo ya kijani, na barabara, na pikipiki ya Leshan, kwa sababu nilikuwa nimeamua kutobakisha kitu.

Alikuwa bado na misumari mkononi. Akaanza kuirudisha kwenye kreti, mmoja mmoja.

"Ilikuwa lini?"

"Alhamisi. Siku tatu kabla."

"Na ile siku nilikuuliza, pale tukiandikisha?"

"Nilikuwa najua."

"Na jana nikilia kwa daktari?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi niko nusu saa kutoka hapo, Nyaguthii. Ningekuja na miguu." Misumari ilikwisha mkononi na akabaki akiangalia kiganja chake. "Wiki tatu nimekaa kwa lile benchi nikifikiria watoto wangu. Nikifikiria ni yupi ataanza kupatwa. Na wewe ulikuwa unapita mbele yangu na pamba yako."

"Ndiyo."

"Toka."

Sikutoka. Nimefukuzwa na wanaume wakali kuliko yeye. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti na nikangoja, na yeye akaenda kusimama nyuma ya duka, akanipa mgongo. Nje mtu alipiga hodi, akauliza kama kuna gundi ya mbao, akakosa jibu, akaenda.

Mwishowe akasema bila kugeuka, "Alisema ni mimi nitaamua?"

"Alisema hivyo."

"Na wewe unataka iwe vipi?"

"Mimi sina neno. Lilikuwa lako, nimelirudisha."

"Nimekuuliza."

"Ingia umwone mdomo wake," nikamwambia. "Umechungulia kwa kioo wiki tatu. Kwa kioo huoni mdomo. Ingia kwanza, halafu useme vile unataka, na mimi sitabisha. Hata ukisema atobolewe, nitamsafisha shingo."

Tulienda kwa gari lake. Nzilani alimpa gauni na kumwonyesha mahali pa kunawa, na Wahome akanawa mpaka viwiko kama mtu anayeenda kuchinja. Aliingia peke yake. Mimi nilibaki kwenye benchi lake, nikachungulia kwa kioo kama yeye. Nilimwona akisimama kando ya kitanda. Nilimwona akiinama kuangalia ile pembe ya mdomo, kisha akapiga magoti na sikumwona tena. Nzilani aliniambia baadaye alichosema. Alisema, "Mama, ni Wahome. Nimesikia. Samahani nimechelewa."

Alipotoka alienda moja kwa moja kwa Daktari Amolo. "Mtoe hiyo kitu," alisema. "Mimi ndiye nimesema. Andika jina langu."

Ijumaa asubuhi tulikuwa hapo sote watatu. Waithera aliimba wimbo wa kanisani, beti mbili, wa tatu ukamshinda. Daktari alimpa Mama dawa kwanza, akangoja, akamshika mshipa, akamwashiria Nzilani kwa kichwa. Nzilani alifungua utepe ulioshika bomba usoni. Alilitoa polepole, kwa huruma kabisa, na nilijua huyo msichana ataingia mbinguni hata kama sisi wengine hatutaingia.

Bomba lilipotoka, mate yakafuata. Wiki tatu yalikuwa hayana pa kupita. Nzilani alinyoosha mkono na kitambaa apanguse, na Wahome akamwambia, "Wacha, sister. Tafadhali."

Alipiga magoti akakinga viganja chini ya kidevu cha Mama. Mate yalishuka, kidogo tu, yana damu kidogo, yakaingia mikononi mwake. Mama akatoa pumzi ndefu, ya kwake mwenyewe, ya kwanza tangu ile Jumapili. Wahome alifungua vifungo vya shati akajipaka kifuani, akajipaka tena, na akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Waithera naye akakinga, kimya kimya, na sikumuuliza kitu. Halafu akanisogezea nafasi na kuniangalia. Mimi sikukinga. Sikuwa na uso wa kukinga. Nilichukua pamba yangu nikampangusa Mama midomo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimezoea.

Alipumua mwenyewe mpaka saa tisa na dakika kumi mchana. Pumzi ziliachana, zikaachana zaidi, mpaka tukawa tunangoja moja na haikuja. Uso wake, bila lile bomba, ulikuwa umerudi kuwa wa Mama. Nilimvua soksi za hospitali kwa sababu hakuwahi kuzipenda. Sijawahi kuumia hivyo, na nimepitia mambo.

Wahome hakunisemesha. Mipango ya mazishi ilifanywa Kitengela, na mimi niliipata kupitia Waithera: siku hii, kanisa hili, jeneza la aina hii. Kama kulikuwa na mtu aliyetaja Kangema, sikusikia. Sikuuliza. Mwenye neno alikuwa yeye.

Jumanne alikuja Isinya. Miaka sita hakukanyaga hapo, na alikuja na wachimbaji wawili, kamba na vigingi. Mimi nilikuwa nyumba ya kuku nikiokota mayai, nikamwona kupitia wavu. Alisimama kwanza kwa Baba, kofia mkononi. Alikiona kigoda cha Mama, kilikuwa bado pale pale, nilishindwa kukitoa. Akakihamisha kando kwa mikono miwili. Kisha akapima, akapiga vigingi vinne karibu na Baba, na wachimbaji wakaanza. Nilirudi kwa mayai yangu.

"Nyaguthii," aliita. "Kuja hapa."

Nilienda na kikapu. Alikuwa amevuta kamba tena, upande wa pili wa Mama, na amepiga vigingi vingine vinne.

"Simama hapo," alisema.

"Hapo ni kwa nani?"

"Simama nione kama urefu unatosha."

Nilisimama. Nilipajua mahali hapo. "Hapa ni pako," nikamwambia. "Baba mdogo alipima, siku ya Baba. Wewe na Mama Ngugi." Mama Ngugi ni bibi yake.

"Sisi tutasonga." Alikuwa akikunja kamba, haniangalii. "Wewe ndiye ulimwogesha. Utalala kando yake. Alisema mimi ndiye naamua, na nimeamua. Nimewaambia wazee wote, hakuna mtu atakuja kuniletea mambo ya wa kurudi."

Nilitafuta maneno, mimi mwenye mdomo. "Nani amekwambia nakufa?" nikasema.

"Hakuna mtu amesema ufe." Hapo akaniangalia, na macho yake hayakuwa yamenisamehe. "Bado niko na hasira na wewe. Nafikiri itakaa. Lakini hii haihusiani na hiyo."

Aliinama akagonga kigingi cha mwisho kwa mgongo wa jembe, akaenda kuwaonyesha wachimbaji mahali pa kurundika udongo. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya vigingi vyangu na kikapu cha mayai, nikilia. Nilimlilia Mama, na nilijililia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimepewa kitu nilichokitaka miaka yote na nilijua nimekipataje. Kutoka hapo nyumba inaonekana vizuri. Unaona mlango, na kizingiti aliposimama Mama na nguo yake ya kijani, na barabara yote mpaka inapokata kona.